Kununua basi kuukuu lililogeuzwa nyumba, nalo haliwaki

"Kaka, nimeona basi la mwaka 1962 huko Arizona. Ndani lina vitanda, jiko na choo. Mzee anataka dola elfu nne tu, ila haliwaki. Ninunue?"

Theluji ikianza kuyeyuka, meseji za namna hii huanza kuingia kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada. Wote huanza na injini: itawaka? Itagharimu kiasi gani kuitengeneza? Hilo ni swali la kuuliza mwishoni. Injini ikifa, hutafutwa nyingine ikafungwa. Mifupa ya basi ikioza, hakuna duka linaloiuza. Hati ya umiliki ikikosekana, unaweza kuisaka miaka mingi usiipate. Na basi usiloweza kulitoa shambani kwa mtu bado ni la mwenye shamba, hata kama umeshalipa.

Fuata mpangilio wa hatua hizi. Zinahusu mabasi ya safari ndefu ya Marekani ya kati ya miaka ya 1950 na 1970. Mabasi ya shule ni habari nyingine kabisa.

Uwe na nini kabla ya kuondoka nyumbani

- Tochi ya kuvaa kichwani, ovaroli na kipande cha turubai cha kulalia chini.
- Bisibisi refu la bapa na nyundo ndogo.
- Barakoa ya N95, glavu za mpira na chupa ya kupulizia yenye maji yaliyochanganywa na jiki.
- Mpini mrefu wa soketi pamoja na soketi kubwa, za kuzungushia injini kwa mkono.
- Mtungi safi wa kioo wa kukingia oili.
- Mita ya kupimia umeme.
- Mtu wa pili. Usiende peke yako.
- Mahali pa kuliegesha basi la futi 35 au 40, palipokubaliwa kabla hujanunua. Mitaa mingi ina masharti yanayokataza gari la namna hii kukaa uani.
- Pesa nyingine mbali na bei ya basi. Ushauri wangu: kama bei ni dola 4,000, uwe na nyingine zisizopungua 8,000 pembeni, na hizo ni za kulivuta, tairi na betri. Injini bado hatujaigusa.

Majina utakayokutana nayo

GMC PD-4104 lilitengenezwa kuanzia 1953 hadi 1960: futi 35, injini ya Detroit Diesel 6-71. Ndugu yake PD-4106 lilifuata, 1961 hadi 1965, na injini ya 8V-71. Hayo mawili ndiyo mabasi yanayopendwa zaidi na wanaojitengenezea nyumba za magurudumu, na ndiyo ningemshauri anayeanza ayatafute. Kisha kuna familia ya MCI ya Kanada: MC-5 la futi 35, halafu MC-7 na MC-8 ya futi 40 yenye ekseli tatu. Eagle nayo ni mazuri barabarani, lakini mifupa yake ni ya chuma kinachopenda kutu, kwa hiyo Eagle lililokaa kwenye majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji liache lilipo.

Utaona pia Scenicruiser, lile basi la ghorofa moja na nusu lililotengenezwa kwa ajili ya Greyhound kati ya 1954 na 1956, yakatoka 1,001 tu. Linavutia mno. Vipuri vyake vinavutia kidogo zaidi, hasa kwa anayeviuza. Kwa basi la kwanza, lipige picha uende zako.

Hatua ya 1: Hati, kabla hujatoka nyumbani

Mwombe muuzaji picha ya hati ya umiliki na picha ya namba ya chasisi iliyopigwa kwenye basi lenyewe. Linganisha herufi kwa herufi. Jina lililo kwenye hati liwe la huyo anayekuuzia. Kama ni la marehemu baba yake, aonyeshe karatasi za mirathi. "Hati ilipotea, utaomba nyingine" ni kazi yake yeye, na aifanye kabla hujatoa pesa.

Tazama hati inaliita gari hilo nini. Kama bado limeandikwa basi, kampuni nyingi za bima zitakukataa mpaka libadilishwe kuwa gari la makazi. Majimbo hutofautiana, lakini kwa kawaida wanataka kuona vitu vya kudumu kama kitanda, jiko, choo, maji na umeme wa nyumbani. Piga simu ya bima siku hiyo hiyo, ukiwa na mwaka na modeli mkononi.

Leseni nayo. Gari la makazi la matumizi binafsi kwa kawaida halidai leseni ya kibiashara, lakini jimbo lako linaweza kuwa na daraja lake. Texas hudai daraja B kwa gari linalozidi ratili 26,000. California huangalia urefu, gari la makazi likizidi futi 40.

Na kwa wale wanaouliza kama wakishalitengeneza wanaweza kulipeleka Mombasa: hapana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na usukani wa kushoto ni kikwazo kingine.

Hatua ya 2: Uliza lilikufa vipi

"Liliegeshwa likiwa linatembea, halafu betri ikafa" ni tofauti kabisa na "lilipata joto tukiwa njiani, tukalivuta mpaka hapa." La kwanza lina matumaini. La pili, hesabu kwamba injini haipo. Uliza pia kama rejeta ilikuwa na dawa ya kuzuia kuganda au maji matupu. Palipo na baridi kali, maji matupu huganda na kupasua bloku, na kuchomelea bloku si kazi ya kuanzia.

Hatua ya 3: Mifupa na bodi

Onyo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote humu. Mengi ya mabasi haya, GMC na MCI, hukaa juu ya mifuko ya upepo. Mfuko ukipasuka au upepo ukivuja, bodi inashuka ghafla hadi inchi chache kutoka ardhini. Watu wamekufa hivyo. Usiingize hata kichwa chini ya basi au ndani ya tundu la gurudumu kabla bodi yenyewe haijakalishwa juu ya stendi za chuma au magogo magumu, mahali panaporuhusiwa kuwekwa jeki. Jeki peke yake haitoshi, na kuegemeza ekseli hakusaidii, kwa sababu kinachoshuka ni bodi.

Sasa anza kugonga. Piga nyundo taratibu kwenye vyuma vinavyozunguka magurudumu, sanduku la betri, sakafu ya chini ya choo na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kadibodi. Palipo na shaka, choma kwa bisibisi. Likizama, andika. Sanduku la betri karibu kila mara limeliwa na asidi, hilo lisikutishe. Kinachotisha ni mahali ekseli na mifuko ya upepo inaposhikwa.

Kwenye GMC kuna jambo la ziada. Halina chasisi ya lori chini yake: ngozi ya alumini na ribiti ndizo zinazobeba uzito. Aliyeligeuza nyumba akikata ukuta ili aweke dirisha au mlango mpana bila kuimarisha kando kando, amekata mfupa. Simama nyuma ya basi, utazame ubavu wake kwa mshazari jua likiwa chini. Mawimbi kwenye bati na ribiti zilizozungukwa na vumbi jeusi vinakuambia kwamba bati linacheza.

Majimbo yana maana hapa. Basi la Michigan au Ohio limetembea kwenye chumvi ya barabarani kila majira ya baridi. La Arizona litakuwa na tairi, mipira na mapazia yaliyokaangwa na jua, lakini chuma chake kizima. Mimi huchagua la jangwani, hata likiwa na sura mbaya.

Hatua ya 4: Tairi

Usidanganywe na kashata nene, yaani meno ya tairi. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikizidi miaka kumi, zihesabu kama hazipo, na za mbele zikizidi saba usiziamini. GMC na MC-5 huvaa sita, MC-8 huvaa nane. Zidisha kwa dola mia kadhaa kila moja, na usiiweke hesabu hiyo kando. Utaihitaji hatua ya 8.

Hatua ya 5: Nyumba yenyewe

Vaa barakoa kabla ya kufungua mlango. Panya wa porini hupenda mabasi yaliyosimama, na katika majimbo ya magharibi kinyesi chao kinaweza kubeba virusi vya hanta vinavyoua. Usifagie kikiwa kikavu. Kipulizie maji ya jiki, kiache kiloe, kisha kiokote kwa karatasi.

Bonyeza dari na kuta za mbao kwa kidole kuzunguka kila tundu la juu. Laini maana yake paa limevuja. Usiwashe jiko la gesi, friji wala hita ya maji, hata mwenyewe akikuhakikishia kwamba "jana tulipika." Mfumo wa gesi wa miaka mingi huo hupimwa kwa presha na fundi wake. Nyaya za umeme wa nyumbani zilizofungwa na mtu asiyejulikana, mimi huzihesabu za kung'oa zote.

Kwa ufupi: makabati mazuri yasikupandishie bei. Mengi utayatoa ili ufikie mabomba.

Hatua ya 6: Injini, bila kuiwasha

Muuzaji atakwambia, "Leta betri tujaribu." Kataa kwa upole. Injini iliyolala miaka ikizungushwa kwa stata kabla haijakaguliwa inaweza kuvunjika palepale, na ubishi wa nani kaiua utaanza hapo hapo.

6-71 na 8V-71 ni Detroit za mipigo miwili. Namba ya kwanza ni silinda, na 71 ni inchi za ujazo kwa kila silinda. Hazivuti hewa zenyewe; blowa ndiyo inayoisukuma. Hiyo ndiyo nadharia yote unayoihitaji leo.

a) Vuta dipstiki. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji. Ikionekana safi, usishangilie bado: maji huzama chini ya oili. Legeza nati ya kumwagia oili taratibu, bila kuitoa, ukinge matone ya kwanza kwenye mtungi wa kioo. Yakitangulia maji au kimiminika cha kijani, kuna mahali pamepasuka au pameachia.

b) Toa bomba la hewa, umulike blowa. Rota zake zizunguke bila mikwaruzo mirefu. Zikiwa zimelowa oili, sili zake zimechoka.

c) Fungua vifuniko vidogo vya ubavuni mwa bloku. Hapa Detroit ni rafiki wa mnunuzi, kwa sababu kupitia matundu ya lina (ganda la ndani la silinda) unaiona pistoni na ringi zake kwa macho. Mwenzako azungushe injini kwa mpini wa soketi, taratibu, kila pistoni ipite mbele ya tochi yako. Sukuma ringi kwa kijiti cha mbao: nzima hurudi kama springi, iliyoganda haitikisiki, iliyovunjika utaiona. Ukuta wa lina uwe laini, usiwe na mistari wala madoa ya kutu.

d) Ikigoma kuzunguka, usiilazimishe kwa bomba refu. Inaweza kuwa ni blowa tu iliyoshika, au silinda moja yenye kutu. Lakini kwa kununua, injini iliyoganda ina thamani moja: sifuri. Na ujue kwamba injini za GMC zimelazwa kwa upana wa basi na huzunguka kinyume na za malori, kwa hiyo injini ya lori uliyoiona kwa bei poa haiingii moja kwa moja.

Hatua ya 7: Breki na uwezo wa kusogea

Tazama mipira ya breki na mifuko ya upepo kama imepasuka. Fungua koki za kumwagia maji chini ya matangi ya upepo. Yakitoka maji ya kahawia mengi, ndani kuna kutu. Kama basi lina breki za kuegesha zinazojifunga upepo ukiisha, halitasogea mpaka lipewe upepo kutoka kompresa ya nje. Jaribu hilo hapo hapo ikiwezekana, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa magogo.

Hatua ya 8: Bei na maandishi

Anza na thamani ya basi likiwa limekufa, usianze na ndoto ya litakavyokuwa. Toa gharama za tairi, betri, kulivuta na matengenezo ya mfumo wa gesi. Mara nyingi utafika karibu na bei ya skrepa, na hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Wazee wengi wanataka uwanja wao uwe wazi kuliko wanavyotaka pesa. Mwambie una tarehe ya kuliondoa, utaona bei ikishuka.

Mkataba uandikwe: namba ya chasisi, bei, kwamba linauzwa lilivyo, tarehe ya mwisho ya kuliondoa, na nani anabeba hasara likiharibika kabla ya hapo. Hati isainiwe siku ile ile ya malipo. Usitume "kishika bei" kwa mtu ambaye hujaiona hati yake.

Hatua ya 9: Kulihamisha

Tafuta kampuni yenye gari kubwa la kuvuta na iliyowahi kuvuta mabasi. Bei iwe ya kazi nzima, kwa maandishi, kwa sababu bei ya saa hupanda kila wanapokwama kwenye matope. Waulize mambo matatu:

1. Wataliwekea basi upepo kutoka kwenye gari lao, ili mifuko ijae na breki ziachie?
2. Watatoa shafti za ekseli kabla ya kuvuta? Injini ikiwa imezimwa, giaboksi inazunguka bila kulainishwa, na kilomita chache zinatosha kuiua.
3. Wakilibeba juu ya lobedi (trela la chini), urefu wa jumla utakuwa kiasi gani? Majimbo mengi huishia futi 13 na inchi 6, na basi peke yake linakaribia futi 10 au 11.

Hatua ya 10: Kuliwasha mara ya kwanza, likiwa kwako

Weka oili ya SAE 40 ya gredi moja yenye alama ya CF-2. Oili ya malori ya kisasa ya 15W-40 si yake. Mwaga dizeli ya zamani, badilisha filta zote mbili na uzijaze dizeli safi kabla ya kuzifunga. Betri: GMC hizi ni volti 12, MCI ni 24. Pima, usikisie.

Sasa onyo la pili. Detroit iliyolala inaweza kuwaka na kukimbia yenyewe, ikapanda mizunguko mpaka ipasuke, na kuzima swichi hakuisimamishi. Sababu ya kawaida ni reki za nozeli, vile vijiti vinavyopima dizeli inayoingia, zilizoganda zikiwa zimefungua dizeli. Fungua vifuniko vya juu, vyote viwili kama ni injini ya V, na usogeze reki kwa kidole. Ziende na kurudi bila kukwama hata kidogo. Hakikisha kifuniko cha dharura cha juu ya blowa kinajifunga ukikivuta. Hata hivyo, acha bomba la hewa likiwa limetolewa, na msaidizi asimame pembeni na ubao mnene, mpana kuliko tundu la hewa. Ikikimbia, ubao unakaa juu ya tundu. Tambara hapana, litamezwa. Mkono usithubutu.

Zungusha kwanza kwa stata ukiwa umeshikilia mkono wa kuzimia, mpaka geji ya oili ipande. Kisha achia. Usipulize etha, hupasua ringi. Moshi mweupe mwanzoni na matone ya oili kwenye vijibomba vya ubavuni ni tabia ya injini hizi.

Likikataa

*Ukibonyeza stata mbele, kimya kabisa.* Nenda nyuma kwenye chumba cha injini. Kuna swichi ya kuchagua kuwashia mbele au nyuma. Ikiwa upande wa nyuma au imezimwa, dashibodi haina kazi. Hii imewalaza watu wengi bure.

*Stata inalia "tik" tu.* Safisha nyaya nene za betri na mahali pa athi kwenye bodi, mpaka chuma king'ae.

*Inazunguka vizuri, hakuna moshi hata kidogo.* Dizeli haifiki. Lisha injini kutoka kwenye dumu safi kwa mpira mpya. Ikiwaka, tatizo ni tangi au bomba linalovuta hewa.

*Moshi mweupe mwingi, haishiki.* Angalia kama kifuniko cha dharura kimejifunga na kuziba hewa. Kama kiko wazi, betri hazizungushi kwa kasi ya kutosha au kompresheni imekwisha.

*Upepo haupandi.* Koki za matangi umezifunga? Kisha paka maji ya sabuni kwenye viungo.

*Upepo umejaa, breki haziachii.* Baadhi ya MCI zina breki za kuegesha za DD3: ukishasukuma kitufe, lazima ukanyage pedeli ndipo zifunguke. Zikigoma bado, viatu vya breki vimeshikana na dramu kwa kutu. Gonga dramu kwa nyundo kuizunguka.

*Joto linapanda likiwa limesimama.* Zima papo hapo. Kwenye GMC angalia kwanza shata za rejeta (vibao vinavyofungua na kufunga njia ya hewa) kama zimekwama zikiwa zimefungwa, kisha mikanda ya feni, kisha rejeta yenyewe kama imezibwa na viota na majani. Usiiwashe tena kabla hujajua ni kipi.